Chai ya Kuliwa kwa Uma

Hilda Ormerod alikuwa na masikio mazima kabisa, lakini habari nyingi za mji wa Ackenshaw hakuzipata kwa masikio. Alizipata kwa macho. Aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi na minne, akasimama katikati ya mitambo ya kufumia kwa karibu miaka thelathini, na mle ndani kelele zilikuwa kubwa hata ukimfokea mwenzako sikioni ni kazi bure. Kwa hiyo wanawake wa mle walizungumza kwa midomo mitupu, wakiikunja na kuipanua pole pole, bila sauti. Walipeana mapishi, uchumba wa watu na tabia za msimamizi, naye msimamizi akipita katikati yao bila kujua kwamba anasemwa kushoto na kulia. Kiwanda kilipofungwa, mitambo iliuzwa kama vyuma chakavu, lakini ujuzi ule hakuna aliyeweza kumnyang'anya Hilda. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. Basi Hilda alikuwa mtu wa kupita nje ya jumba hilo na kuchungulia dirishani.

Jumamosi ujuzi huo ulikuwa burudani ya watu wengi. Kibanda chake cha chai kilikuwa chini ya jukwaa kuu la uwanja wa Cinder Bank, nyumbani kwa Ackenshaw Town, na kidirisha chake kilimwonyesha kipande kidogo tu cha uwanja, kutoka kibendera cha kona mpaka benchi la kocha. Magoli hakuyaona. Kwa miaka ishirini na miwili aliyomimina chai pale, hakuwahi kuona bao hata moja likiingia wavuni. Lakini alijua kila alichosema kocha, na alikigawa pamoja na vikombe.

"Amemwambia refa akapimwe macho," angesema, huku akisukuma sukari. "Sasa refa anamwambia yeye ndiye akapimwe, kwa kuwa alimsajili kipa wetu."

Foleni nzima ingecheka. Mzee mmoja alikuwa na desturi ya kumwomba Hilda ampelekee kipa pai moja ya moto, waone kama nayo ataiangusha.

Msimu huo, uliofuata ule wa theluji kubwa, Town ilikuwa ikiburuza mkia katika daraja la nne. Chini ya hapo hakukuwa na daraja jingine. Mpaka Krismasi walikuwa wameshinda mechi tatu, na moja kati ya hizo wapinzani walijifunga wenyewe. Mashabiki hawakukasirika sana. Walikuja na skafu zao, wakasimama mahali pale pale waliposimama baba zao, wakalalamika kwa utulivu, wakanywa chai, wakarudi nyumbani. Mtu aliyezaliwa Ackenshaw haendi uwanjani kutafuta furaha. Anakwenda kwa sababu ni Jumamosi.

Tatizo lilikuwa Juni. Wanne wa mwisho katika daraja la nne hawakushushwa moja kwa moja. Walikwenda London, kofia mkononi, na wakubwa wa klabu za juu walipiga kura kuamua kama wabaki kwenye ligi au wafukuzwe, nafasi yao ichukuliwe na wengine waliokuwa wakibisha hodi. Town ilikuwa imeshasimama mbele ya wakubwa hao mara mbili katika miaka minne. Mara ya kwanza walihurumiwa. Mara ya pili walivumiliwa. Safari hii kulikuwa na klabu moja ya kusini, Thornwick, yenye jukwaa jipya na taa za kumulika uwanja wote, na kila mtu alisema wanne wa mwisho wakihesabiwa, atakayetolewa ni Town.

Hilda alilijua jambo hilo kuliko alivyopenda. Town ikitolewa, Cinder Bank ingeuzwa na nyumba zingejengwa juu yake. Hakuogopea mshahara, maana hakuwa nao. Kilichomuuma kilikuwa kidogo zaidi na kikubwa zaidi. Mumewe, Wilf, alisimamia geti la kuingilia upande wa kiwandani. Kila Jumamosi ya mechi walifunga mlango wao saa tano, wakateremka kilima pamoja, wameshikana mikono, na jioni wakakipanda tena wakibishana kuhusu mechi ambayo hakuna kati yao aliyeiona. Walianza kutembea hivyo mwaka aliokufa binti yao. Hakutaka kujua Jumamosi nyingine zingekuwaje.

Basi ikaja bahati. Katika michuano ya kombe, Town ilipangiwa Wandlebridge ya London, timu ya daraja la kwanza, na mechi ikawa Cinder Bank. Mji ulipata wazimu kidogo. Lakini Harold Pickup, mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa muuza nyama na mtu wa kufikiri taratibu, alimwita Hilda na katibu, Cyril Clegg, akawakumbusha jambo moja. Wakubwa wa Wandlebridge wana kura. Bwana Aldous, mwenyekiti wao, akisema neno kule London, wengine wanasikiliza. Mechi watafungwa, hilo halina mjadala. Ila wageni wasiondoke na kinyongo.

Clegg alikuwa na barua kutoka Wandlebridge. Alivaa miwani na kuisoma kama mtu anayesoma wosia. Wakurugenzi wanne na wake zao wangefika kwa treni, na baada ya mechi wangefurahi kubaki kwa chai.

"Chai kabisa?" Hilda akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bi Hilda. Watabaki kwa chai."

Hilda aliwaheshimu papo hapo. Wakubwa wengi waliokuja pale waligusa mkate, wakatazama saa, wakakimbilia magari yao. Hawa wa London walikuwa tayari kukaa mezani kama binadamu.

Hapa ndugu zangu lazima niseme kitu, la sivyo mtamcheka Hilda bure. Ackenshaw, chai si kitu cha kikombe. Kikombe kipo, ndiyo, pembeni, na kilichomo kina rangi ya kiatu. Lakini ukialikwa chai Ackenshaw, unakaa, unapewa kisu na uma, unakula mpaka unafungua kifungo. Chai ndicho chakula cha watu waliotoka kiwandani. Kwa hiyo Hilda aliposikia chai, Clegg aliposikia chai, na Pickup aliposikia chai, wote watatu waliona sahani zile zile.

Pickup alitoa nyama ya muundi kutoka dukani kwake. Hilda aliipika siku nzima ya Ijumaa mpaka ikawa inaachana yenyewe, akaichanganya na viazi na pilipili manga, akaigawa katika mabakuli mawili ya udongo yenye ukubwa wa beseni la kuogeshea mtoto, akafunika juu kwa unga uliokandwa na mafuta ya ng'ombe, zikawa pai mbili. Kabichi nyekundu ilikuwa kwenye siki tangu Oktoba, mitungi sita, akatoa minne. Akapika dengu za kijani mpaka zikarojeka. Akaoka keki nzito ya shayiri na tangawizi, ile ambayo ukiiangusha mguuni unalazwa.

"Wewe mwanamke," Wilf alimwambia akinusa, "hawa wakila hivi hawatapanda treni. Itabidi tuwasajili."

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya ukungu na baridi ya kung'ata. Watu elfu kumi na moja walijibana pale ambapo kwa kawaida walikuja elfu mbili. Dakika ya sita Hilda akasikia kishindo ambacho hakijapata kutokea, birika likatikisika juu ya jiko. Akatazama kwenye kidirisha. Kocha wa Town alikuwa amesimama wima, na midomo yake ikisema, "Haiwezekani." Ndipo akajua kwamba Town wamefunga. Walikaa mbele kwa dakika kumi na tisa, na watu wa Ackenshaw walizigawa dakika hizo na kuzitumia kwa miaka mingi baadaye. Mechi iliisha wageni matano, Town moja.

Saa kumi na robo wageni wakaingia chumba cha wakurugenzi. Bwana Aldous alikuwa mtu mrefu, mwenye uso usioonyesha kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mkewe alivaa glavu za ngozi nyembamba na koti la manyoya. Alipoona meza alisimama ghafla, hata mwenzake akamgonga mgongoni.

"Jamani," akasema kwa sauti ya upole, "mngetuambia. Tumekula hotelini saa saba. Tulidhani ni chai tu."

"Ndiyo chai hii, mama," Clegg akamjibu kwa fahari, akimvutia kiti.

Hilda alikuwa mlangoni na bakuli la pili mikononi. Alitazama nyuso za wageni, akatazama meza. Hakuelewa kosa ni lipi, ila alijua limefanyika, na kwamba ni lake.

Bwana Aldous ndiye aliyekaa kwanza. Wengine wakamfuata, maana ndivyo walivyozoea. Hilda alipakua, akarudi jikoni, akaja kupakua tena. Hakusikia maongezi mengi. Alisikia visu tu.

Baadaye, wageni walipokuwa uani wakiingia kwenye magari ya kuwapeleka stesheni, alisimama kwenye dirisha la jikoni akifuta sahani. Mwanga wa mlango ulimwangukia Bwana Aldous usoni. Akamwona akimwinamia mkewe, na midomo yake ikatamka wazi kabisa, neno kwa neno, "Chai hii sitaisahau maisha yangu." Mkewe akajibu kitu, lakini alikuwa ameziba kinywa kwa glavu. Gari likaondoka.

Clegg aliupata ukweli Jumatatu. Shemeji yake alikuwa amefanya kazi kusini, akamweleza. Akaja kibandani akiwa amebeba kofia mkononi.

"Bi Hilda, kwao chai ni kikombe."

"Kikombe na nini?"

"Na keki. Ndogo. Ya kushika kwa vidole viwili."

"Halafu wanakula nini?"

"Wanakula saa mbili usiku."

Hilda alilifikiria hilo. "Wanalala saa ngapi na matumbo hayo?"

"Sijui wanalala saa ngapi, mimi najua tumewashindilia wapiga kura kama bata wa Krismasi. Watatuona watu wa porini." Kisha, kwa kuwa Clegg hakuwa mtu mbaya, akaongeza kwamba barua aliisoma yeye, na lawama watagawana.

Lakini Hilda hakugawana na mtu. Januari ikaisha, Februari ikaja na matope yake, Town wakafungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakatoa sare katika mechi moja iliyokaribia kuahirishwa, naye alikuwa akimimina chai na kuyarudia maneno yale. Chai hii sitaisahau maisha yangu. Midomo humpa mtu maneno, haimpi sauti. Mtu anaweza kusema hivyo kwa shukrani. Anaweza pia kusema hivyo akiwa njiani kwenda kuwachekesha wenzake kwa mwezi mzima. Na yule mkewe na glavu yake! Alikuwa anaficha kicheko, au anaficha kiungulia?

Wilf aliona kwamba mkewe amepunguza maneno. Siku moja ya Machi, wakipanda kilima baada ya kuchapwa tatu bila, akamuuliza mara moja tu, akangoja. Walifika karibu na nguzo ya taa ya pili ndipo akamwambia yote.

"Kwa hiyo maneno umeyaona," Wilf akasema.

"Nimeyaona. Sauti ndiyo sikuiona."

"Alikula vipande vingapi?"

"Viwili."

"Na kabichi?"

"Aliongeza mara tatu."

"Basi, mama, ule mdomo ulikuwa umeshasema mara tano kabla ya kusema."

Hilda alicheka, na mkono wake ukatulia ndani ya wa Wilf, lakini hakuamini mpaka mwisho. Watu wa namna ile, alimwambia, wana adabu sana. Wanaweza kula hata kitambaa cha meza wakidhani umewaandalia.

Msimu uliisha mwishoni mwa Aprili. Town walimaliza nafasi ya ishirini na tatu kati ya ishirini na nne, na katika mechi ya mwisho walishinda mbili kwa moja, jambo lililowaudhi baadhi ya mashabiki, kwa kuwa walikuwa wameshazoea. Hilda alifunga kibanda. Alisugua birika, akapanga vikombe, akasimama kidogo akitazama kile kipande cha uwanja, kutoka kibendera mpaka benchi. Akajikataza kuaga.

Siku ya kura, Pickup alikuwa London. Clegg alikaa ofisini kwake na simu mbele yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Hilda alikuja kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa visafi, na Clegg alijua ni visafi, lakini alimwambia tu kwamba ndiyo, ni vizuri kuviosha.

Saa nane kasoro, Hilda akiwa uani na sinia, simu ikalia. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa. Akamwona Clegg kupitia kioo, ameshika simu kwa mikono miwili. Clegg alikuwa na tabia ya kurudia kila namba anayoambiwa, ili asikosee kuandika.

"Ishirini na sita," midomo yake ikasema. Kisha, "Ishirini na tatu." Kisha, "Nani ishirini na tatu?"

Hapo akageuka kutafuta kalamu. Hilda akabaki akitazama mgongo wa koti la kahawia. Mshono ulikuwa umeachia nyuzi karibu na bega. Aliutazama mshono ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote maishani. Miaka thelathini kiwandani, akifikiri, na hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma mgongo.

Clegg akageuka.

"Thornwick ishirini na tatu," midomo ikasema. "Sisi ishirini na sita. Sisi."

Hilda aliweka sinia juu ya ukuta, pole pole, asivunje kitu. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumkimbilia Wilf aliyekuwa akipaka rangi geti lake upande wa kiwandani. Hakufanya hivyo. Ile ilikuwa habari ya Clegg, aliyeikalia tangu asubuhi bila kula, na mtu haibiwi habari yake. Kwa hiyo mlango ulipofunguka na Clegg akatoka akiwa na machozi kwenye miwani, alimkuta Hilda akifuta kikombe, na Hilda akamsikiliza mpaka mwisho, akashika kifua, akasema hata haamini. Alifanya vizuri sana. Kwa siku nyingi Clegg alisimulia jinsi Bi Hilda alivyoshtuka.

Kesho yake Pickup akarudi na habari kamili. Alisema alikuwa amesimama ukumbini kabla ya kura, kofia mkononi, hakuna anayemtazama, wakati Bwana Aldous alipokata katikati ya watu kumjia. Hakumsalimia. Alimuuliza ile kabichi hukaa siku ngapi kwenye siki. Kisha akawageukia wenzake waliokuwa karibu, na uso wake ule ule wa ukuta, akawaambia kwamba katika maisha yake ya mpira amekaribishwa chai kwenye viwanja zaidi ya hamsini, na ametoka na njaa kwenye vyote isipokuwa kimoja.

Kama ni maneno hayo yaliyoleta kura tatu za tofauti, hakuna anayejua. Huenda ni huruma, huenda ni mazoea. Watu wa Ackenshaw waliamua kwamba ni pai, na hakuna aliyewabishia. Sasa msinielewe vibaya. Najua sisi tuna chai nyingine, ile ya kupenyezwa chini ya meza ili mambo yaende. Ya Hilda ilikaa juu ya meza, mchana kweupe, na iliandaliwa na mtu asiyejua kwamba anaomba kitu.

Hilda alimuuliza Pickup jambo moja tu, kama yule mke alikuwepo ukumbini. Hakuwepo. Alichosema nyuma ya glavu, Hilda hakukijua kamwe, na baada ya muda alianza kulipenda jambo hilo, kama mtu anavyoupenda mlango mmoja wa nyumba ya jirani ambao hajawahi kuuona ukifunguliwa.

Julai mwishoni, Clegg alipanda kilima mpaka nyumbani kwa kina Hilda na barua. Wandlebridge waliomba mechi ya kirafiki Agosti, kabla ya ligi kuanza, hapo hapo Cinder Bank. Alivaa miwani akasoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akamtazama Hilda juu ya miwani.

"Wanasema watabaki kwa chai."

"Chai ipi?"

"Sasa hilo ndilo nimekuja kukuuliza, kabla sijajibu. Nisije nikatuua mara ya pili."

Wilf, aliyekuwa bustanini, aliacha jembe asikie. Hilda alikuwa ameshachukua kisu na alikuwa akienda kwenye tuta la kabichi, akihesabu wiki kwa vidole.

"Wajibu vizuri," akasema. "Waambie hotelini wasile."